Bushi Hukazwa Gari Likiwa Chini

Gari langu lilikuwa linalalia upande wa dereva. Si kulala kwa kumshtua mpita njia, bali kule ambako mwenye mali anakuona peke yake: ukirudi nyuma hatua kumi na kufumba jicho moja, mstari wa bodi umeshuka kulia vidole viwili. Ni Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88. Nikalipeleka gereji, wakabadilisha bushi zote za springi za nyuma, nikalipa, nikaondoka nimeridhika. Haikufika miezi minne milio ikarudi. Kila tuta, nyiii, kama kitanda cha kamba. Kuchungulia chini nikakuta mpira wa bushi mpya umechanika na kutoka pembeni kama ulimi.

Hapa Tanga kuna mzee aliyekwisha kuacha ufundi kwa sababu ya magoti, ila ukimpelekea swali halikatai. Baada ya shikamoo na kahawa nikamweleza. Hata hakuomba kuliona gari.

"Walizikaza gari likiwa juu au likiwa chini?"

"Juu, mzee. Kwenye stendi. Nilikuwepo."

"Basi mwanangu, zimekufa siku ileile. Wewe umekuja kusikia kilio tu."

Nilirudia kazi ile mwenyewe, kwa wikiendi mbili, mzee akiwa juu ya kigoda na mimi mgongoni juu ya boksi la katoni. Ninayoyaandika hapa ni ya gari hilo hasa, springi za nyuma za Series III inchi 88. Mwenye 109 atajikuta nyumbani katika mengi, ingawa vipuri vya nyuma vya gari lake ni vikubwa zaidi na mpangilio wa ekseli na springi zake haufanani na wa fupi.

Kwanza tuelewane kuhusu bushi yenyewe. Ni vitu vitatu vilivyoshikana: bomba dogo la chuma ndani, mpira katikati, na bomba jingine la chuma nje. Mpira umeng'ang'ania vyuma vyote viwili. Bolti ikikazwa inalibana lile bomba la ndani lisizunguke kabisa, na bomba la nje limebanwa ndani ya jicho la springi. Kwa hiyo springi inapocheza, hakuna chuma kinachosugua chuma, bali mpira ndio unaojinyonga kidogo huku, kidogo kule, na kurudi. Sasa fikiria fundi amekaza bolti wakati ekseli inaning'inia hewani. Mpira umefungwa ukiwa umetulia katika mkao wa kuning'inia. Gari likishushwa, springi inanyooka, na mpira unajinyonga kwa pembe kubwa hata kabla hujawasha injini. Kila shimo la barabarani linaongeza juu ya mnyongo uliokuwapo. Bushi ya namna hiyo haipumziki hata gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Ndiyo maana bolti za springi huingizwa gari likiwa juu, zikaachwa legelege, na kukazwa mwisho wa kazi, gari likiwa limesimama kwa matairi yake na uzito wake wote. Ukisahau mengine yote, hilo likumbuke.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, Aprili 1948, na kuanzia hapo hadi One Ten ilipokuja na springi za koili mwaka 1983, gari hili lilibebwa na springi za mabamba mbele na nyuma. Series III, iliyoanza 1971, iliendelea nazo hadi ilipokoma mwaka 1985. (Range Rover ilikuwa na koili tangu 1970, lakini lile ni kabila jingine.) Mfumo ni wa mkokoteni wa ng'ombe hasa: mabamba yamepangwa moja juu ya jingine, refu kuliko yote limekunjwa ncha zake kuwa macho mawili, na senta bolti moja imeyashona katikati. Upande wa nyuma wa gari, jicho la mbele limefungwa moja kwa moja kwenye chasisi, halisogei. Jicho la nyuma limeshikwa na shako, yaani vile vibamba viwili vinavyobembea, kwa sababu springi ikikandamizwa inarefuka na lazima ipate pa kwenda. Ekseli imefungwa juu ya springi kwa yubolti mbili kila upande, na chini yake kuna bamba zito ambalo pia linashika mguu wa shokapu.

Na lile swali la kuinama? Watu wengi hawajui kwamba springi za kulia na kushoto za gari hili hazikutoka kiwandani sawa. Upande wa dereva una dereva muda wote na, kwetu ambako usukani uko kulia, una tangi la mafuta chini ya kiti. Kiwanda kikaipa springi ya upande huo mkunjo mkubwa kidogo. Ukinunua jozi dukani, angalia namba za vipuri. Zikiwa tofauti, hujaibiwa. Ziweke chini kwenye sakafu sambamba, ile iliyopinda zaidi ni ya dereva. Inawezekana kabisa gari langu lilibadilishiwa pande miaka ishirini iliyopita na likainama tangu hapo, likiwalaumu madereva wanene.

Siku nne kabla ya kazi, anza kumwagia bolti. Kila jioni, bolti tatu za macho na shako kila upande, nati za yubolti, nati za shokapu. Dawa ya kopo ya kulegeza kutu ni nzuri. Kwa asiye nayo, mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi yanafanya kazi kwa aliye na subira. Kabla ya hapo piga brashi ya waya, maana dawa haipenyi udongo mwekundu uliokauka kama tofali. Halafu kagua sanduku lako la spana. Gari hili ni la inchi. Ringi spana ya milimita inayokaribia kutosha itakula kona za nati, na spana malaya itamalizia kilichobaki. Nati ikishakuwa duara, umeongeza siku nzima.

Sasa usalama, na hapa naomba usome polepole, maana Series ina hila yake. Breki ya mkono ya gari hili haishiki matairi. Iko nyuma ya giaboksi, ngoma moja tu, na inashika propela shafti inayokwenda nyuma. Ukinyanyua tairi moja la nyuma, difu inaliruhusu tairi lililo hewani lizunguke upande mmoja na lililo chini liviringike upande mwingine, na gari linaondoka huku breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Wapo waliopoteza vidole kwa kutolijua jambo hili. Kwa hiyo tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa. Rudisha mkono mwekundu nyuma ili gari liingie gia nzito na matairi ya mbele yashikane na ya nyuma. Kama habu zako za mbele ni za kufungua, zifunge. Acha gari kwenye gia, vuta breki ya mkono, kisha usiamini lolote kati ya hayo: tia magogo mbele na nyuma ya matairi yote mawili ya mbele. Magogo ya mbao ngumu, si mawe ya duara.

Legeza nati za matairi gari likiwa chini. Nyanyua nyuma, uweke stendi mbili imara chini ya chasisi, mbele kidogo ya pale jicho la mbele la springi linapofungwa. Matofali ya saruji usiyaweke hata kwa dakika moja. Yanabeba uzito vizuri tu mpaka sekunde yanapopasuka, na hayatoi onyo. Likishakaa kwenye stendi, lisukume kwa bega kwa nguvu. Likitikisika, shusha uanze upya kabla hujaingia chini.

Jeki ya pili ndiyo itakayoongoza ekseli, kuipandisha na kuishusha. Iweke chini ya bomba la ekseli karibu na tairi la upande unaoufanyia kazi, si chini ya difu. Difu ya gari hili haiko katikati, imesogea kulia, na ekseli iliyonyanyuliwa hapo inajipindua. Wala usiiweke chini ya springi, ambayo ndiyo unataka kuitoa. Fanya upande mmoja kwa wakati. Springi ya upande wa pili ndiyo inayoishikilia ekseli isiende mbele wala nyuma. Ukifungua zote mbili utabaki na ekseli inayoelea juu ya jeki, na kuirudisha mahali pake peke yako ni kama kumbeba mlevi.

Kabla ya kushusha ekseli hata kidogo, iangalie paipu ya mpira ya breki inayotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli. Ndiyo kamba fupi kuliko zote hapo chini. Ikivutika, haitavuja leo. Itapasuka kwa ndani na kukusubiri mteremko. Mtu mmoja aishike kwa macho kila unaposhusha jeki.

Toa tairi. Chomoa kota pini ya mguu wa shokapu, toa washa na mpira wake, uvute mguu utoke kwenye pini. Jaribu shokapu hapohapo kwa mkono: ivute na uisukume, inapaswa kukataa kwa uzito ulio sawa kwenda na kurudi. Ikiteleza bila ukinzani, au ina mafuta ubavuni, haina kazi tena. Kisha nati nne za yubolti. Zikigoma usizihurumie yubolti, zikate kwa grenda, kwa sababu hazirudi. Yubolti iliyokwisha kuvutwa miaka thelathini imechoka na hesi zake zimenyooka. Mpya si ghali, na ndizo peke yake zinazoizuia ekseli isihame. Bamba la chini likidondoka, lipokee kwa mguu ulio mbali nalo.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Bolti za macho zimekaa ndani ya lile bomba dogo la bushi tangu zilipofungwa, kutu imezishonea humo, na kutu ya pwani haina mzaha. Kosa la kwanza, na mimi nililifanya, ni kutoa nati ya shako na kuishambulia bolti kwa nyundo. Kibamba cha ndani cha shako kina hesi. Nati unayoiona ni ya kufungia tu. Bolti yenyewe imezungushiwa ndani ya kibamba, na njia yake ya kutoka ni kuzungushwa, si kugongwa. Niligonga kwa robo saa, mzee akininyamazia kama mtu anayetazama mpira wa watoto, kisha akauliza kama nimemaliza mazoezi.

Ukizungusha kichwa cha bolti, moja kati ya mambo matatu hutokea. Inatoka, umshukuru Mungu. Au haisogei kabisa, na hapo unatia dawa, unaipasha moto kidogo, unakaza robo nukta kisha unafungua, unakaza tena, unafungua, mpaka ilie. Mlio mkali wa kutu inayoachia ni mzuri kuliko taarabu. Au jambo la tatu: bolti inazunguka lakini haitoki, kwa sababu inazunguka pamoja na bomba la bushi na mpira umekatika. Hapo usipoteze asubuhi. Kata. Ingiza ubapa wa msumeno wa chuma, au diski nyembamba ya grenda, katika mwanya ulio kati ya jicho la springi na kibamba cha shako, ukate bolti pande zote mbili. Bolti mpya uwe nazo tayari kabla hujaanza, seti nzima, ili wazo la kukata lisikutie uchungu.

Wengi huita fundi gesi achome mpira wa bushi. Inafanya kazi haraka, sikatai. Lakini moshi wake ni mchafu, mpira unaendelea kuungua baada ya moto kuondolewa, na tangi la petroli la gari hili liko chini ya kiti cha dereva, si mbali na jicho la mbele la springi ya kulia. Kama ni lazima, chomea springi ikiwa imeshatoka, nje, mbali. Kwenye gari, mimi natumia msumeno.

Bushi mbili, moja kila upande, zimo ndani ya chasisi yenyewe, pale shako linapobembea juu. Hizo ndizo zinazowafanya mafundi wenye haraka waseme "bado nzima hizi." Si nzima, ni ngumu kutoa tu. Toboa mpira pande zote kwa drili hadi bomba la ndani litoke. Pitisha ubapa wa msumeno ndani ya tundu, ufunge upya kwenye fremu yake, ukate bomba la nje kwa mstari mmoja. Nenda taratibu, uchungulie, uache kukata mara tu unapoliona bomba la chasisi linang'aa nyuma yake. Kisha kwa tindo nyembamba kunja ukingo uingie ndani, bomba linajikunja na kulegea. Mzee aliniambia bushi moja ya chasisi ni saa moja kwa anayejua. Ya kwanza ilinichukua saa tatu na ngozi ya vidole.

Vikiwa vyote vimetoka na hakuna kinachoziba macho, chukua nyundo ndogo uigonge chasisi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haioti kutu nyekundu, na inawadanganya watu kwa miaka mingi. Chasisi ni sanduku la chuma cha kawaida na linaliwa kutoka ndani. Gonga kuzunguka vishikio vya springi na kwenye mhimili wa mwisho kabisa wa nyuma. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa kinajibu kwa sauti ya boga, na wakati mwingine ncha ya nyundo inaingia. Ukiipata sauti hiyo kwenye kishikio cha springi, acha kila kitu umwite fundi wa kuchomelea kwanza. Hakuna faida ya springi mpya iliyoning'inizwa kwenye kutu. Kwa magari ya Tanga, Mombasa na Unguja, mimi ningegonga kabla hata ya kununua vipuri.

Sasa springi zenyewe, na hapa kuna biashara nyingi. Utaambiwa uongeze bamba moja ili gari lipande. Litapanda, na litakuwa gumu kama meza, na lile bamba mama litavunjika karibu na jicho kwa sababu wenzake hawapindi tena pamoja nalo. Utaambiwa pia mhunzi azipige upya. Kuna wahunzi wanaojua kuipiga springi ikiwa baridi, nukta kwa nukta, na inarudi kwa muda. Lakini akiitia motoni mpaka iwe nyekundu na hana njia ya kuirudishia ugumu wake kwa kipimo, ametoa kilichoifanya iwe springi. Itapendeza wiki mbili, kisha italala. Zipo pia springi za mabamba machache mazito katikati na membamba nchani, yasiyogusana ila katikati na mwishoni. Hizo ni laini, gari linakuwa la kistaarabu, ila zinategemea sana shokapu nzuri, kwa kuwa springi za asili zinasuguana zenyewe kwa zenyewe na msuguano huo unatuliza mruko. Kwa gari la kutembelea mjini, zinafaa. Kwa anayebeba magunia ya machungwa kutoka Muheza, springi mpya za kawaida, jozi, kulia na kushoto kwa pamoja.

Onyo moja kwa wanaotaka kuosha springi zao za zamani bamba kwa bamba: usifungue senta bolti kabla hujaibana springi yote kwa jiliwa au klampu mbili. Mabamba yale yamelazimishwa kukumbatiana, na ukikata bolti yanaachana kwa nguvu ya kuvunja taya. Senta bolti mpya ni sharti, na kichwa chake kisiwe kimelika, kwa sababu hicho ndicho kinachoingia kwenye tundu la kikalio cha ekseli na kuipanga ekseli mahali pake.

Kuingiza bushi mpya hakuhitaji nyundo. Safisha jicho kwa brashi na msasa mpaka ling'ae, paka oili kidogo sana nje ya bomba la nje tu. Tafuta bolti ndefu yenye hesi, washa nzito inayokalia bomba la nje la bushi bila kugusa mpira, na upande wa pili kipande cha bomba la chuma kipana kuliko bushi. Kaza nati, bushi inavutwa ndani polepole na imenyooka. Ikianza kwenda mshazari, rudisha uanze tena. Kwa bushi za chasisi ni hivyohivyo. Kuna bushi za plastiki ngumu zenye rangi za kupendeza, vipande viwili vinavyosukumwa kwa mkono. Hizo zinazunguka juu ya bomba lake na zinataka grisi yake maalumu. Ni rahisi kufunga, sibishi. Kwenye barabara ya changarawe mimi bado napenda mpira.

Kurudisha springi ni kinyume cha kutoa, isipokuwa mambo mawili. Paka grisi kwenye shina la bolti, ili atakayekuja baada yako asikutukane. Na anza na jicho la mbele, bolti ipite tu, nati ishike hesi chache. Kisha shako nyuma. Springi mpya imepinda zaidi kuliko ile mzoga uliyoitoa, kwa hiyo ni fupi kati ya macho, na shako litalazimika kubembea kuifuata. Hakikisha limelala kuelekea upande wake wa kawaida, kama la upande wa pili ambao hujaugusa. Shako lililogeuka likakwama dhidi ya chasisi, kisha gari likashushwa juu yake, linavunja kitu. Shusha ekseli kwa jeki mpaka kichwa cha senta bolti kiingie kwenye tundu lake, utakihisi kinapokaa. Bamba la chini, yubolti mpya, nati nne kwa kupokezana mshazari, kidogo huku, kidogo kule, hesi zinazobaki nje zilingane. Hizi za yubolti unaweza kuzikaza sasa, hazina mpira. Shokapu, kota pini mpya, tairi.

Maliza upande wa pili vilevile. Kisha shusha gari chini, magogo bado yapo. Likalie springi zake. Panda kwenye tela la nyuma ulirukishe mara kadhaa, au waite watoto wa mtaani, watafanya bure na kwa furaha. Ondoa magogo, lisogeze mbele mita tano na kurudi, lijipange. Rudisha magogo. Sasa, ukiwa umelala chini ya gari lililosimama kwa matairi yake, kaza bolti za macho na za shako, kisha nati za kufungia, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha fundi cha gari hilo. Nafasi ni finyu, utalalamika, na mzee kwenye kigoda atakwambia kwamba ndiyo maana gereji zinapendelea kukaza juu.

Usishangae nyuma ikisimama juu kuliko ulivyozoea. Springi mpya hukaa chini kidogo baada ya wiki chache za mzigo. Ila jioni ya siku hiyohiyo elekeza gari kwenye ukuta uwashe taa: nyuma ikipanda, taa zinamulika miguu ya watu badala ya barabara, na huenda zikahitaji kurekebishwa. Tazama tena ile paipu ya breki, kwamba haijanyooka kama kamba ya gitaa sasa ambapo chasisi imekaa juu zaidi ya ekseli.

Springi zangu za zamani alizichukua mhunzi, na bamba moja limerudi nyumbani likiwa kisu kinachofungua nazi bila kubembelezwa. Yubolti nilizipitia baada ya kilomita 500. Tatu hazikusogea, ya nne, kulia, ilikubali karibu robo mzunguko.